Vuta, Achia

Bosi wangu alikuwa na upinde wa bei ya gari dogo, na alikuwa akiutumia vizuri tu, mpaka siku alipoamua kuuacha. Sijamsamehe kabisa kwa hilo, ingawa mwisho wake ulinifaa.

Ule wa kwanza ulikuwa wa kisasa: kapi juu, kapi chini, nyaya zimepishana katikati, na kidude chenye vitone vya kijani vya kulengea. Ukishauvuta mpaka mwisho, uzito unakuondokea, kapi zinakubebea. Unaweza kusimama hapo umeuvuta, ukameza mate, ukamngoja sungura ageuke upande unaoupenda. Baba, kama tunavyomwita sisi tunaomfanyia kazi, alikuwa bingwa wa kungoja. Sungura waliokuwa wakimaliza majani ya ngamia kwenye shamba lake nje ya Riyadh walimjua vizuri, wale waliobaki.

Halafu shemeji yake akaja kutoka Jeddah na upinde wa mti mtupu, umefungwa ngozi shikioni, basi. Akautazama ule wa baba akacheka. "Hii mashine ndiyo inayowinda," alisema. "Wewe umeibeba tu."

Mwanamume mzima, mwenye maduka manne, hakulala. Wiki hiyo hiyo upinde wa kapi ulifungiwa sandukuni, ukanunuliwa wa mti. Na Jumamosi, mbele ya watu wa nyumba yote, baba akaapa: safari ya Jeddah ya mwaka huu haitafanyika mpaka apate sungura mmoja kwa upinde mpya.

Wenzangu walicheka. Mimi nilikaa chini.

Mimi ni dereva wake, na kila Januari ndimi ninayempeleka Jeddah. Na Jeddah ndiko alikokuwa mke wangu Monicah, kazi za ndani, mwaka wa pili. Nchi moja, na tulikuwa tumeonana siku moja tu, Ijumaa moja ya Januari iliyopita. Sasa mkataba wake ulikuwa umekwisha. Ndege yake ya kwenda Nairobi ilikuwa Ijumaa usiku. Nilikuwa na siku sita, na zote zilimtegemea mzee mmoja na sungura mmoja.

"Si uombe ruhusa tu upande basi la Jeddah pale Batha?" aliniuliza Elly, mlinzi wa getini.

Rahisi kusema. Dereva aliyenitangulia, nilivyosikia, aliomba siku tatu akapewa hizo na zaidi: alirudishwa kwao. Nikaona heri nimfundishe baba kupiga mshale.

Hapo kuna jambo la kuungama. Baba alikuwa amesoma mahali fulani kwamba Wakamba ni watu wa mishale. "Wewe Mkamba," aliniambia Jumapili, "nionyeshe." Sikukataa. Sikumwambia pia kwamba katika maisha yangu nimerusha mshale mmoja tu, nikimlenga nguchiro aliyekula vifaranga, nikatoboa mtungi wa shangazi.

Mwenye kujua alikuwa Monicah. Baba yake kule Mwingi alikuwa akichonga pinde, na yeye alikua akiokota mishale ya wateja waliokuja kujaribu. Kwa hiyo kila alasiri nilimrekodi bosi kwa simu akijaribu, nikaituma video Jeddah. Majibu yalirudi kwa sauti, pasi ikifoka mvuke nyuma yake.

"Aki Nahashon, huyo mzee anashikilia! Anafikiri bado ako na ile mashine yake. Upinde wa mti haukupumzishi. Kadiri unavuta ndivyo unazidi kuwa mzito. Mwambie mkono ukifika shavuni, mshale uende. Akikaa hapo anafikiria, mkono utaanza kutetemeka na macho yataanza kutafuta sababu."

Nilimfikishia baba yote hayo kana kwamba yametoka kwa babu zangu. "Vuta, achia, baba. Usishikilie." Aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri, akavuta, akashikilia. Jumatatu mshale ulipita juu ya gunia la shabaha. Jumanne ulimkosa ngamia kidogo, ngamia akatukasirikia wote wawili.

Jumatano alasiri ilikuwa nafasi yangu ya mwisho, maana Jeddah ni mwendo wa karibu siku nzima. Baridi ya jangwani ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Tulitambaa kwa matumbo kando ya majani, maana upinde wa mti unataka uwe karibu kweli, si mambo ya kusimama mbali na vitone vya kijani. Na pale, hatua kumi na tano, alikaa sungura mnene akitafuna, masikio yamelala.

Baba akapiga goti. Akavuta. Mkono ukafika shavuni.

Achia, niliomba kimoyomoyo. Achia, mzee wangu, achia.

Akashikilia. Nikaona kiwiko kinaanza kutetemeka. Moja, mbili, tatu. Na mimi nyuma yake nilikuwa nimeshikilia pumzi, na neno langu, tangu Jumamosi, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimelishikilia tangu nilipokanyaga nchi hii. Likatoka lenyewe, kwa sauti ya kuita ng'ombe:

"Baba, mke wangu anaondoka Jeddah Ijumaa! Nataka kumuona!"

Sungura hakungoja tafsiri. Mshale uliingia mchangani. Baba akageuka polepole, nikaanza kuwaza nguo zangu zitatosha katika begi gani.

"Mke wako yuko Jeddah?"

"Ndiyo, baba."

"Miaka yote hii?"

"Miwili."

"Na unaniambia leo? Sasa hivi? Na sungura yule pale?"

Nikamwambia habari za dereva wa zamani.

"Yule nilimfukuza kwa sababu alifanya gari langu teksi," alisema. "Siku tatu nilikuwa nimeshampa." Akainuka, akajikung'uta mchanga magotini. "Halas, yameisha. Kesho baada ya alfajiri, Jeddah."

"Na kiapo, baba?"

"Nitawaambia dereva wangu alimfukuza sungura. Si kweli?" Nilimwona anatabasamu. Nadhani alikuwa akitafuta sababu tangu Jumapili.

Tulifika Jeddah alasiri ya Alhamisi. Nilimshusha kwa shemeji yake, akanipa saa mbili na gari. Madam wa Monicah alikuwa amemruhusu kwenda mtaa wa Sharafiya kununua sanduku. Nilimkuta kwenye mkahawa mdogo karibu na maduka ya simu, sanduku jipya miguuni, amekonda kidogo, anacheka tayari. Nilisahau yote niliyopanga kusema. Nilimshika mkono chini ya meza tukanywa chai.

"Mzee alimpata sungura?" aliuliza.

"Hapana. Nilimuomba ruhusa."

"Ukamuomba, basi?"

"Nikamuomba, akakubali."

Aliacha kucheka. "Kumbe ilikuwa hivyo tu. Mwaka jana nikiwa mgonjwa. Wakati wa Krismasi. Ungemuuliza tu."

Niliona aibu, na niliumia, kwa sababu alisema bila hasira. Alipangusa macho kwa ncha ya mtandio.

"Na Machi?" akauliza. "Mkataba wako ukiisha, utatia sahihi tena ama utarudi? Usiniambie tutaona."

Nilikuwa nimemwambia tutaona tangu Septemba. "Nitarudi," nikasema.

"Mwambie yeye. Bosi wako si mimi."

Tuliagana pale nje, mbele ya watu wote, kwa kupeana mikono kama mashahidi wa harusi.

Kwa shemeji nilimkuta baba uani, amevuta upinde wake wa mti mbele ya gunia, shemeji kando yake akitoa maneno. Safari hii nilingoja mshale utoke kwanza. Ulitoka mara mkono ulipofika shavuni, ukaingia guniani katikati, na kabla hajashangilia nikasema:

"Baba, mwezi wa tatu narudi nyumbani. Sitatia sahihi tena."

Aliutazama mshale, akanitazama mimi. "Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

Akasema nimtafutie Mkamba mwingine kabla sijaondoka. Nikatoka nje nikamwandikia Monicah: Nimemwambia.

Jibu lilikuja mara moja. Umeshikilia dakika ngapi?

Ishirini, nikaandika. Kulikuwa na jam barabarani.