Matokeo ya Machi

Saa sita na robo mchana Verlyn Auguste alikuwa na vichane kumi na viwili vya ndizi mezani, utomvu umemganda mpaka kwenye viwiko, na simu ikitetemeka mfukoni mwa aproni. Simu hairuhusiwi ndani ya banda la kufungashia. Aliipokea ameinama chini ya meza, akijifanya anaokota stika zilizoanguka.

"Jina la Teshell halimo," alisema Mwalimu Polius, anayewafundisha watoto chesi shuleni, bila salamu. "Nimeiona orodha ya timu. Inatumwa leo saa kumi."

"Halimo vipi?"

"Halimo, Verlyn. Wako watano na yeye si mmoja wao. Hippolyte amejiweka wa tano."

Verlyn alisimama wima, asijali nani anamwona. Binti yake Teshell ana miaka kumi na mitatu. Mwezi wa Machi, katika mashindano ya wazi ya taifa, alicheza michezo saba ya chesi, akashinda sita na kutoka sare mmoja. Mmoja wa aliowashinda alikuwa Cuthbert Hippolyte, katibu wa chama cha chesi. Tangu siku ile kijiji kizima cha Fond Tamarin, hata wasiojua farasi anavyoruka, walisema Teshell atakwenda na timu ya taifa kwenye Olimpiadi ya chesi. Mwenye duka alikuwa ameshamuuliza atamletea zawadi gani kutoka huko.

"Didier, natoka," Verlyn alimwambia msimamizi.

"Kwenda wapi? Kontena linafungwa saa tisa."

"Mjini. Mambo ya chesi ya mtoto."

Didier alicheka. "Ule mchezo wa kukaa? Hukimbii, hutoki jasho, halafu ndege unapanda?"

"Mwache, wewe," alisema Lucita wa meza ya pili. "Mbona umekaa tangu asubuhi na hatujaona kombe?"

Wanawake waliangua kicheko. Didier alikasirika, na aliyelipia kicheko hicho ni Verlyn. "Nakuandika nusu siku. Na Jumatatu utafanya kazi kwenye beseni."

Kazi ya beseni ni kushinda mikono ikiwa ndani ya maji ya dawa mpaka kucha zilainike. Verlyn alitundika aproni akaondoka. Alimtoa Teshell darasani katikati ya kipindi cha jiografia, akampa mkate wenye samaki wa chumvi ale njiani, akamweleza kwa maneno machache. Teshell hakuula. Aliushika tu mpaka mjini.

Ofisi ya chama iko ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Ukutani kuna picha ya wanaume watano waliovaa makoti mapya yenye nembo ya taifa. Ni timu ya miaka miwili iliyopita. Ilikuwa ya mia moja sabini na nne kati ya timu mia moja na themanini. Hippolyte alicheza michezo tisa, akafungwa minane. Ule wa tisa mpinzani wake alichelewa kufika, akahesabiwa ameshindwa. Aliporudi alisema redioni kwamba timu imepata uzoefu. Ana miaka hamsini na minane, na hiyo ilikuwa safari yake ya sita ya kutafuta uzoefu.

"Bibi Auguste! Na bingwa wetu mdogo!" Hippolyte alisema. "Karibuni, ila nina haraka kidogo."

"Hatukai. Kwa nini mtoto hayumo?"

"Ah. Kanuni, mama. Wanakwenda watano wenye kiwango cha juu. Binti yako hana kiwango."

Verlyn alijua kiwango ni nini. Mwalimu Polius alikuwa amewaeleza wazazi wote, tena mara mbili. Ni namba anayopewa mchezaji na shirika la dunia. Ukishinda inapanda, ukifungwa inashuka. Lakini shirika haliwezi kujua kama umeshinda mpaka chama chako kilipelekee matokeo.

"Alicheza Machi."

"Matokeo ya Machi hayajatumwa."

"Leo ni Julai, Bwana Hippolyte."

"Fomu zilikuwa na kasoro."

"Kasoro gani?"

Hippolyte aliisogeza stepla, akairudisha ilipokuwa. Teshell ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, macho yakiwa sakafuni.

"Yangetumwa, yeye angeshuka mpaka wa saba. Nilipiga hesabu."

Verlyn alimtazama mtu yule. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alikuwa na shati safi, kalamu tatu mfukoni, na picha ya wajukuu mezani. Miezi minne alikuwa amekalia bahasha ya matokeo ili asionekane amefungwa na msichana wa shule ya kijijini.

"Sawa," Verlyn alisema. "Saa kumi na moja kuna kile kipindi cha redio cha watu kupiga simu. Nitapiga. Nitasema jina lako kamili."

Hippolyte aliinuka akafunga mlango. Aliporudi kitini sauti yake ilikuwa imelainika.

"Tusifike huko, dada yangu. Kamati ina uwezo wa kuteua mchezaji mmoja nje ya kanuni."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa. Teshell anachukua nafasi yangu ya kucheza. Mimi nakwenda kama kapteni. Ila faili lazima liwe safi." Aliandika haraka kwenye kompyuta, mashine ikatoa karatasi moja, akaisukuma mbele pamoja na kalamu. Iliandikwa: "Mimi mzazi nakiri kwamba mashindano ya Machi yalikuwa ya mazoezi tu, na matokeo yake hayahesabiwi."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika kumi na nane.

"Anacheza kweli?" Verlyn aliuliza. "Si kubeba mabegi yenu?"

"Anacheza. Natuma jina lake ukiwa umesimama hapo hapo."

Verlyn alichukua kalamu.

"Na Kellon?" Teshell aliuliza.

Watoto kumi na mmoja wa shule yao walicheza Machi. Kellon ana miaka tisa, na alitoka sare na koplo wa polisi. Jeneve alishinda michezo mitatu. Kwao wote yale yalikuwa mashindano ya kwanza, na tangu hapo kila mwanzo wa mwezi humwomba Mwalimu Polius afungue simu waone kama namba zao zimetoka.

"Kellon bado mdogo," alisema Hippolyte. "Atacheza mwakani."

"Lakini alishacheza."

"Teshell, nyamaza," Verlyn alisema. "Nani wa Fond Tamarin amewahi kupandishwa ndege kwa ajili ya akili yake? Nani? Kellon ana mama yake. Mimi ni mama yako wewe." Akainama, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake.

"Mami, ukisaini, mimi sikumshinda."

"Kila mtu anajua ulimshinda."

"Hapo panasema sikumshinda." Teshell alikuwa analia sasa, kamasi zikimtoka, hajali. "Alisaini karatasi yangu ya kuandikia hatua na mimi nikasaini yake. Mchezo ukisainiwa umekwisha. Nataka kwenda, Mami. Nataka sana. Lakini nikienda hivi, nitakuwa nimekwenda kwa sababu sikumshinda."

Kalamu ilisimama.

"Kwa hiyo," alimwambia Hippolyte, "ili mtoto akaichezee nchi, kwanza inabidi afungwe na wewe."

"Mama, zimebaki dakika kumi na moja. Mimi nawasaidia."

"Mteue bila karatasi, basi. Weka jina la huyu asiye na kiwango aliyekufunga."

"Siwezi."

"Unaweza. Hutaki."

Aliiweka kalamu mezani. Hippolyte hakungoja mpaka saa kumi. Alibonyeza kitufe, orodha yake ikaondoka kama ilivyokuwa, kompyuta ikatoa mlio mdogo.

"Imekwenda," alisema. "Mwaka mwingine, bingwa. Chama kinawekeza sana kwa vijana."

Waliteremka ngazi. Teshell alijifuta uso kwa tai ya shule. Verlyn hakumwambia kwamba amefanya vizuri. Alikuwa na hasira mno hata kinywa kilikuwa chungu. Alimkasirikia Hippolyte na ile picha ya makoti, akamkasirikia na binti yake kidogo, kwa kuwa na shingo ngumu siku ambayo shingo laini ingempandisha ndege. Hasira iliyobaki ilimwelekea yeye mwenyewe, kwa sababu angesaini. Kama mtoto asingefungua mdomo, yeye angesaini, angeshukuru, na angerudi nyumbani akiimba.

Kwenye ngazi ya mwisho alisimama ghafla. Ile karatasi ilikuwa bado juu ya meza, na ilikuwa na V yake.

"Ningoje hapa."

Alipanda ngazi mbilimbili. Hakubisha hodi. Hippolyte alikuwa ameishika karatasi karibu na dirisha, kalamu mkononi mwingine, akiitazama ile herufi moja kama mtu anayefikiria hatua yake inayofuata. Verlyn aliichomoa vidoleni mwake, akaikunja mara nne, akaitia kifuani ndani ya blauzi.

"Bibi Auguste! Hiyo ni karatasi ya chama!"

"Njoo uichukue."