Tumbo la Athanasi Luambano

Athanasi Luambano, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Majengo, Songea, aliamua kukatwa tumbo siku alipovunja kiti mbele ya paroko. Ilikuwa sherehe ya kumuaga binti yake, Aurelia. Athanasi alisimama kutoa nasaha za ndoa, akazitoa mpaka wali ukapoa, kisha akaketi kwa kishindo cha mtu aliyeridhika na maneno yake. Kiti cha plastiki kikatanua miguu kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Mpiga video hakuzima kamera. Kufikia Jumapili hata ndugu wa kijijini Maposeni walikuwa wameshaiona video hiyo kwenye simu.

"Lidwina, natafuta daktari," alimwambia mkewe.

"Wa mgongo?"

"Wa tumbo. Siku hizi wanalipunguza, linabaki kama kindizi. Hata ukitaka kula sana, huwezi."

"Na huko kutaka kula sana, wanakukata wapi?"

Maswali ya namna hiyo Athanasi aliyaita kukosa maono.

Wakapanda basi mpaka Dar es Salaam, kwenye hospitali binafsi yenye mapokezi ya vioo. Huko walikutana na daktari wa dawa ya usingizi, Zuhra, mwanamke mpole aliyezungumza taratibu. Akawaeleza kwamba mshono wa tumbo unaweza kuvuja. Damu inaweza kuganda miguuni, ikapanda mpaka kwenye mapafu. Atameza vitamini maisha yake yote. Na dawa ya usingizi yenyewe si ya kuchezea, hasa kwa mtu mnene, kwa sababu njia yake ya hewa huwa finyu na pumzi humwishia upesi.

Athanasi alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama anavyofanya kanisani wakati wa matangazo.

"Umeelewa, mzee wangu? Una swali?"

"Moja tu. Nyama ya kitimoto nitaruhusiwa kula lini?"

Daktari akageuza ukurasa wa faili. "Unakoroma usiku?"

"Mimi? Hapana."

"Daktari," Lidwina akadakia, "huyu anakoroma mpaka mbwa wa jirani wanajibu. Tena kuna wakati pumzi inakatika kabisa, mpaka nimsukume kwa kiwiko."

"Mama Aurelia, hapa tunaongea mambo ya kitaalamu!"

"Mama ndiye anayeongea utaalamu," alisema Zuhra. Akaahirisha upasuaji mpaka Athanasi apimwe anavyopumua usingizini na kupewa mashine ya kumsaidia kupumua alalapo. Athanasi alinung'unika wiki nzima. Alisema madaktari wa siku hizi ni waoga.

Hatimaye siku ikapangwa. Aliambiwa asitie kitu tumboni tangu usiku, maana mtu akilazwa kwa dawa koo halina mlinzi. Kilichomo tumboni hupanda na kuingia mapafuni. Kulipokucha akamwambia mkewe anakwenda kunyoosha miguu. Akainyoosha hadi kwa mama mmoja muuza supu nje ya geti la hospitali, akanywa supu ya ng'ombe na kula chapati kadhaa za kuagana na tumbo lake la zamani. Alipoulizwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji kama amekula, alijibu "Sijala" kwa sauti ya mtu aliyetukanwa.

Dawa ilipomkolea tu, kabla mrija wa hewa haujaingia, supu ikapanda. Zuhra na wenzake wakamgeuza, wakanyonya uchafu, wakapigania pumzi yake huku midomo ikibadilika rangi. Kisu hakikumgusa. Alipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ikawa inampumulia.

Lidwina alikaa kwenye benchi la korido, rozari mkononi, hawezi hata kusali. Zuhra akaja, jasho limemlowesha kofia.

"Mama, alikula?"

"Aliniambia anakwenda kutembea." Kisha Lidwina akalia, kwa hasira na kwa mapenzi, na hakujua kipi kilizidi.

Athanasi hakufa. Nimonia ilimkausha, koo likakwaruzika, na aliporudi Songea suruali ilishikiliwa na mkanda na neema ya Mungu. Watu wa Majengo walipomwona wakapiga vigelegele. Wakamsifu kwa upasuaji. Hakuwasahihisha. Baada ya siku chache alikuwa akisimama mlangoni mwa duka lake kama profesa: "Unalala, unaamka, umeshapungua. Sayansi!"

Ndipo akaja Biasha, muuza vitenge wa duka la pili, mwanamke mnene mwenye presha ambaye alihema hata akikunja kitambaa.

"Baba Aurelia, nami nimeamua, inshallah. Unaniusia nini?"

"Usiwaambie mambo mengi, dada yangu. Madaktari ukiwaambia mengi wanatishika. Hiyo presha, nyamaza nayo."

Lidwina alikuwa ndani akipima misumari. Akaiweka chini, akatoka.

"Biasha, mtazame huyu. Hakukatwa hata ukucha. Alidanganya kwamba hajala, akatapika akiwa usingizini, matapishi yakamwingia mapafuni. Nilikaa kwenye benchi nikiwaza nitamzika na koti lipi. Huko kukonda unakokuona ni ugonjwa. Tumbo lake lote liko hapo, linasubiri chakula cha mchana!"

Wateja wakacheka mpaka mmoja akaangusha ndoo ya rangi. Biasha hakucheka. Alimgeukia Athanasi.

"Na ungeniacha niende hivyo hivyo?"

Profesa akainama kuokota ndoo ya rangi.

Biasha alikwenda kwa Zuhra na kusema yote, presha na mengineyo. Akarudishwa nyumbani kwanza, atumie dawa vizuri mpaka presha itulie. Alikasirika, akazimeza. Alipoitwa tena, Athanasi alimbebea begi mpaka stendi, kifua kikimkwaruza. Shati lilikuwa limeanza kumbana tena.

"Wakikuuliza umekula nini, dada," alisema, "wajibu ukweli."

Lidwina aliyekuwa nyuma yao akasema mwaka huu mumewe ameongea sana, lakini hilo ndilo neno lake la kwanza lenye faida.