Taa ya Kumwinamisha Odero

Fundi wa stima alimwambia Nakhumicha waziwazi, "Mathe, dari ya hii korido iko chini. Weka taa bapa, ile inalala juu kama sahani."

Taa bapa iko kwa jirani yake Edinah, na tangu lini yeye akafuata nyayo za Edinah? Nakhumicha alitaka ile ya vioo vinavyoning'inia, inayofaa ukumbi wa harusi, ili wanawake wa chama wakija Jumamosi wapofuke kwa wivu.

Ikafungwa, ikapendeza kweli, hasa kwa watu wafupi. Mumewe Odero, mrefu kama mlingoti wa stima, aliigonga kwa kichwa siku hiyo hiyo.

"Mama Levis, chagua: mimi ama hii taa."

Nakhumicha akaomba apewe nafasi ya kufikiria. Mwishowe wakakubaliana fundi aitoe Jumatatu, wageni wakishaiona.

Jumamosi sebule ikajaa. Odero akatokea koridoni na birika la chai, akafika chini ya taa, akainama kabisa mbele ya mkewe. Wanawake wote wakageuka kumtazama.

"Wewe!" Edinah akanong'ona. "Mzee wako hukuinamia hivyo kila siku?"

Ukweli ulikuwa ulimini mwa Nakhumicha. Akaumeza pamoja na mandazi.

"Heshima tu, mama. Wanaume hufunzwa."

Kufikia Jumapili, kanisa zima lilikuwa likimtazama Odero kwa huruma. Jumatatu fundi akaja na taa bapa mkononi. Nakhumicha akamzuia langoni.

"Ile inabaki, boss. Lakini ingia, uiteremshe kidogo."