Rangi ya Jicho la Korongo

Nyumbani kwetu kuna mambo mawili hayaguswi mezani: uzito wa Mama na jicho la korongo. Ukigusa la kwanza utanuniwa mpaka kesho yake. La pili ndilo lililomtenganisha Mama na mdogo wake wa tumbo moja, na mimi nimekua nikiwabebea salamu.

Zamani wote wawili walikuwa wachoraji wa makumbusho, enzi ambazo picha za ndege vitabuni zilichorwa kwa mkono, kwa rangi za maji. Walikaa chumba kimoja, mbele ya dirisha moja, wakichovya brashi kwenye kopo moja. Kisha ikaja zamu ya korongo mkubwa, yule mrefu mweusi na mweupe, mwenye mdomo mwekundu uliofungwa mkanda mweusi, na juu ya mdomo ana kitu cha njano kama tandiko. Wakaenda kinamasini asubuhi moja kumtazama, kila mmoja akachora wake. Mama akampa jicho jeusi. Mama mdogo akampa la njano.

Kitabu kilikuwa na nafasi ya korongo mmoja tu. Mkuu wa makumbusho akamchagua wa Mama mdogo, kwa maelezo kwamba jicho la njano linavutia. Mama akasema mbele ya kadamnasi kwamba mdogo wake amechora uongo ili apendwe. Mama mdogo akajibu kwamba dada yake anaanza kupofuka, na mkono nao unamtetemeka, kwani hawaoni vile vitone viwili vya njano chini ya mdomo wa korongo wake? Rangi imemchuruzika huyo. Mama akakusanya brashi zake, akaenda kufundisha watoto wa shule kuchora maua, na hakurudi tena pale. Tangu siku hiyo hawapikiki chungu kimoja. Wakikutana msibani hupeana mkono kama watu waliojuana kwenye foleni ya benki, na neno lolote la zaidi hupitia kwangu.

"Mwambie mama yako chumvi inamuua."

"Mwambie mdogo wangu amenoga na hilo gauni, ila si la rika lake."

Wote wawili walinifundisha kazi. Mama huanza na jicho, kwa sababu ndege asipomtazama hana hamu ya kuendelea. Mama mdogo humalizia na jicho, asije akatazamwa wakati anaharibu. Walichokubaliana ni kimoja tu: usichore usichokiona. Picha ya mtu mwingine ni macho ya mtu mwingine. Nimeishika sheria hiyo, nikawa mchoraji wa ndege wa kila namna isipokuwa korongo yule, ambaye nilimkwepa maisha yangu yote kama unavyomkwepa mbwa unayemfahamu tabia.

Mwaka huu nikashindwa kumkwepa. Makumbusho waliniagiza niwachoree korongo mkubwa wa kuwekwa mlangoni. Wiki hiyohiyo Mama mdogo akatangaza kwamba nyumba imekuwa kubwa kwa mtu mmoja, anahamia kwa mwanawe, mbali, safari ya kulala njiani. Lori limeshapatikana. Nilipompelekea Mama habari hiyo alikuwa anakata vitunguu. "Safari njema," alisema, akaendelea kukata, na vile vitunguu vikatoka vipande vikubwa vya ajabu. Nikajua wakiagana hivi hawataonana tena mpaka mmoja wao awe hawezi kusema. Nikaapa nitaukata mzizi wa fitina kabla lori halijaja.

Nilianza kijinga, kwa kuwauliza.

"Jeusi," alisema Mama. "Na ukichora jingine usinionyeshe."

"La njano," alisema Mama mdogo. "Au na wewe umeshaanza kutetemeka?"

Basi jicho nitakalolichora lingekuwa hukumu. Nikaenda kwenye maktaba ya makumbusho, kwenye yale mabuku mazito ya wachoraji wa kale, ambayo huruhusiwi kuyafungua mpaka umenawa mikono. Kazi yao ilinishangaza, sifichi. Unyoya mmoja wa bawa una mistari ambayo mimi siwezi kuichora hata nikishikilia pumzi. Lakini macho! Mmoja kamchora korongo mwenye jicho la njano, mwingine jeusi, wa tatu la bluu kama la paka wa kizungu. Mtunza maktaba, mwanamama mpole mwenye kikohozi, akanieleza sababu. Wengi wao hawakumwona korongo akiwa hai. Mtu alimpiga risasi, akamchuna, ngozi ikajazwa pamba ikasafirishwa kwa meli, na mchoraji akaipokea baada ya miezi. Manyoya hukaa na rangi yake. Jicho halikai. Ndege akifa tu linaanza kufifia, na mahali pake panawekwa pamba.

"Kwa hiyo walibuni?" nikauliza.

"Waliuliza, wakaambiwa na aliyeambiwa. Wetu hapa umemwona?"

Akanipeleka ghorofa ya chini kwenye kabati la kioo. Korongo wetu amesimama humo tangu sijazaliwa, miguu yote miwili imefungwa waya, na macho yake ni mekundu. Fundi aliyemkausha, alisema mtunza maktaba, alikuwa amebakiwa na macho ya kioo ya aina moja tu.

Utaniuliza kwa nini sikutazama kwenye simu. Nilitazama! Nikakuta picha za jicho la njano, nikakuta za jicho jeusi, na chini yake watu wasiojuana wanatukanana. Nikaona ukoo wetu una matawi mengi kuliko nilivyodhani.

Ikabidi niende kinamasini. Nilikaa nyuma ya matete na darubini ya kuazima, viatu vimelowa, mbu wananifaidi, ubao wa kuchorea uko magotini. Akaja. Alitembea taratibu kwenye maji ya kina kifupi kama msimamizi wa mtihani, akiinua mguu, akiutazama, akiushusha. Nilielekeza darubini kwenye kichwa. Jicho la njano, bichi, kama kiini cha yai.

"Pole, Mama," nilisema kwa sauti.

Nikachanganya njano, nikalichora jicho haraka, nikiacha kinukta cha karatasi nyeupe kiwe mwanga. Nilijisikia vibaya, maana moyoni nilikuwa upande wa Mama. Korongo akaingia kwenye matete. Punde akatokea upande wa pili, nikainua darubini nikague magoti yake, nikapita kichwani. Jicho jeusi.

Nikafuta vioo kwa pindo la shati. Jeusi. Nikajiambia ni kivuli, lakini alikuwa amesimama juani. Nikajiambia labda ana moja la njano na moja jeusi, ndipo kila dada akaona la upande wake, na kwa dakika nzima niliipenda sana nadharia hiyo. Akageuka. Yote mawili meusi. Halafu akainamia maji, na chini ya mdomo, pale unapoungana na koo, nikaona vitone viwili vya njano. Vilikuwa vinaning'inia. Alipotikisa kichwa vikabembea. Rangi iliyochuruzika haibembei.

Nilikuwa bado nimetoa macho wakati matete yalipofunguka na yule wa jicho la njano akaja kusimama ubavuni mwa mwenzake.

Walikuwa wawili. Mume na mke, na macho yao hayafanani, basi. Nilijuaje yupi mume? Baadaye walipanda kwenye kiota chao mtini wakanionyesha mchana kweupe, bila haya, na sitaeleza zaidi kwa kuwa Mama atasoma. Mwenye jicho jeusi na vile vining'inio ndiye dume.

Nilicheka peke yangu mpaka nikawatisha bata. Kisha hasira zikanipanda, hasira hasa, nikaitupa brashi kwenye maji ikabidi niingie kuifuata. Vita yote ile! Harusi yangu waliyokaa meza mbalimbali, na bibi aliyekufa akiwaomba wapatane wakamwitikia kwa adabu. Kumbe ingetosha mtu mmoja kuzunguka matete.

Niliwachora wote wawili kwenye karatasi moja kubwa, ubavu kwa ubavu. Rangi ilipokauka nikamwambia Mama twende tukamuage mdogo wake. Akasema ataaga mlangoni, hakai. Akaja kweli, akasimama kwenye kizingiti na mkoba begani, katikati ya maboksi na godoro lililokunjwa, naye Mama mdogo akajifanya anatafuta gundi ya karatasi iliyokuwa mkononi mwake.

Nikaitandaza picha juu ya boksi la vyombo. Nikanyamaza. Hilo kwangu ni kazi kuliko kuchora.

Mama mdogo ndiye aliyesogea kwanza. "Umechora wote ili usimuudhi mtu," alisema. "Woga huo."

"Nimechora nilichokiona. Huyu ni mke, huyu ni mume. Dume jicho lake jeusi, jike la njano. Nimewaona pamoja."

Mama akaingia ndani. Alishika ukingo wa boksi, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Mama mdogo akaweka kidole karibu na vile vining'inio viwili, bila kuvigusa.

"Hivi," aliniuliza mimi, "anavyo kweli?"

"Dume anavyo. Jike hana."

Nilidhani watacheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, hata na machozi, na leso nilikuwa nayo. Mama mdogo alikaa juu ya godoro. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa habari mbaya.

"Ulikaa wapi siku ile?" alisema.

Nikafungua mdomo nijibu ndipo nikatambua kwamba haulizwi mpelekaji salamu.

"Upande wa barabara," alijibu Mama. "Wewe ulisema jua litakupiga machoni, ukavuka."

"Nikavuka, ndiyo."

"Hukuniuliza niliona nini. Ulisema tu nimepofuka."

"Na wewe ulisema mimi mwongo. Mbele ya watu wote."

"Nilisema," alikubali Mama. Sijawahi kumsikia akikubali kitu kwa haraka hivyo. "Ningekuuliza tu. Kitu kidogo hivyo."

Hakuna aliyeomba radhi. Mama aliuvua mkoba begani, akaketi kwenye godoro, na wakaitazama picha kwa muda mrefu. Kisha Mama akasema ile njano yangu imekaa kilimaulimau, ilitakiwa iwe na joto. Mama mdogo akasema kweli kabisa, na magoti nimeyafanya mekundu mno. Mama akasema hata mkao wa shingo. Nikasikiliza kazi yangu ikichanwachanwa na watu wawili kwa zamu, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimalizia, na sikutaka waache.

Lori lilipiga honi. Halikuwa na habari na mambo yetu. Vijana wa mizigo wakaingia, wakaanza kubeba, wakaomba lile godoro, na wale wawili wakasimama huku wanazungumza, wakahamia kwenye boksi, wakaondolewa boksi, mwisho wakabaki wima katika chumba kitupu wakibishana kuhusu kivuli cha bawa. Dereva akasema giza litamkuta njiani.

Mama mdogo alipanda mbele. Mama alimfungia mlango wa lori kwa mikono miwili. Gari lilikuwa limeshaanza kutambaa Mama mdogo alipotoa kichwa dirishani.

"Dada!" aliita. "Yule wako alikuwa anakula nini?"

"Kambare!" alipaza sauti Mama. "Kambare mkubwa, alimtoa kwenye tope akamrusha juu! Kwanza akamwosha, ungemwona, alimwosha kama mtu!"

Alikuwa anatembea kando ya lori, na magoti yake yale mabovu, akionyesha kwa mikono jinsi korongo alivyofanya, kisha lori likashika mwendo likakata kona, naye bado anaeleza. Akasimama katikati ya njia akihema. Nikamfikia, nikamshika mkono.

"Hajasikia," alisema. "Amesikia kambare tu, la kumwosha hajasikia." Akafungua mkoba, akatoa simu, akanipa. "Niwekee namba yake humu."