Shule Iliyoteremka Machimboni

Jumatatu, saa moja kasoro robo, mwalimu mkuu alifika kazini na bunda la funguo mkononi, akakuta hakuna mlango wa kufungua. Kiwanja kilikuwa kitupu, na mlingoti wa bendera umebaki peke yake katikati. Akafuata alama za msingi ulioburuzwa kuteremka kilima, mwendo wa saa moja na nusu, hadi machimbo ya kokoto. Shule ilikuwa imetua huko, madarasa yote saba, kiubavu, kando ya kibanda cha mama mpasua kokoto.

"Habari za asubuhi, mama. Imefika saa ngapi?"

"Alfajiri, Mwalimu. Imeniziba upepo, lakini tutabanana hivyohivyo."

Vyoo vilifika Jumatano, vikihema, maana ni vya zamani.

Karibu wanafunzi wote walikuwa watoto wa machimboni. Wenyeji wa kilimani walishawahamishia watoto wao shule za kulipia. Binti wa mama mpasua kokoto, Kidoti, wa darasa la sita, alizoea kuamka saa kumi na moja na kufika na vumbi hadi kwenye nyusi. Sasa alikunywa chai akiwa ameketi, akavuka hatua ishirini, akawa darasani. Wiki ya pili alipata arobaini na mbili kwa hamsini katika hesabu. Mama yake aliibandika karatasi ukutani.

"Kumbe una akili!"

"Nilikuwa na usingizi tu, mama."

Wiki ya tatu akaja ofisa elimu, mtu mpole mwenye ramani na futi kamba. Alipima, akaandika, akapima tena.

"Shule hii iko nje ya kiwanja chake," alisema.

"Si imewafuata wanafunzi wake, baba?" aliuliza mama mpasua kokoto.

"Mama yangu, shule haifuati watu. Watu ndio wanaoifuata shule."

Akabandika mlangoni barua ya kuitaka irudi ndani ya siku saba. Siku saba zikapita, shule haikujitikisa. Ofisa hakukasirika. Alifunga milango kwa kufuli, akaandika kwamba shule halali ni ile iliyosajiliwa kilimani, jengo liwepo lisiwepo. Mwalimu mkuu alipeleka malalamiko mara mbili. Mara ya pili akaulizwa kama amechoka na kazi. Akabeba ubao, akapanda nao kilimani.

Watoto wakarudi kusomea kiwanjani, wameketi chini, jua likiwapiga utosini. Mvua ikinyesha, watoto huhesabiwa kwanza, kisha huruhusiwa kuondoka. Ofisini, taarifa inasema mahudhurio ni mazuri.

Kule machimboni jengo limezoeleka. Mama mpasua kokoto huanika kanga kwenye nondo za madirisha, na kila asubuhi huokota kufuli ambazo milango imezitema, akamtunzia ofisa kwenye ndoo. Amekwisha kumwambia binti yake aingie tu, atakayeuliza atamjibu yeye.

"Mtihani nitaufanyia wapi, mama?" Kidoti alimjibu. "Jina langu liko kule."

Siku iliyofuata, kabla hakujapambazuka, alipita na daftari kwapani. Mlango wa darasa la sita ulifunguka wenyewe, polepole, ukakaa wazi ukimngoja. Kidoti alisimama. Akauvuta, akaufunga taratibu bila kuubamiza, kama walivyofundishwa.

"Samahani," aliuambia, "mimi nasoma kule juu."

Akaongeza mwendo, maana alishachelewa.