Dawa ya Sadallah Haikutajwa

Msimu wa mpunga ukifika, watu wa Ruaruke hufunga nyumba zao wakahamia bondeni. Kila mwenye shamba hujenga dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, akakaa humo na watoto na kuku wake, akilinda ndege mchana na nguruwe usiku mpaka avune. Huko duka hakuna. Kuna redio inayoning'inia nguzoni, na kituo kinachoshika vizuri ni kimoja tu, Redio Bondeni ya Kibiti. Sauti wanayoijua ni ya Mwajabu, mtangazaji wa kipindi cha wakulima, aliyelelewa kwenye madungu hayohayo na shangazi yake Swaumu.

Ndiyo maana asubuhi ile Mwajabu alikuwa hakai wala hasimami. Wakulima wawili walikuwa wamemletea mpunga kwenye mfuko, umekauka mpaka mizizi kama uliomwagiwa maji ya moto. Wote walipiga dawa ya magugu waliyonunua kwa Sadallah, mwenye duka kubwa la pembejeo pale stendi. Bwana shamba alipoijaribu kwenye matuta yake nyuma ya ofisi, mpunga na magugu vililala pamoja. Akasema hiyo ni dawa ya kusafishia pori kabla ya kupanda, inaua kila kijani. Na wiki hiyo ndiyo wiki ya kupiga dawa bonde zima.

Mwajabu akaandika habari fupi, akaipeleka kwa mhariri, Abdulazizi. Abdulazizi si mtu mbaya. Ndiye aliyemfundisha Mwajabu kushika maiki, na zile trei za mayai za kuzuia mwangwi studio alizibandika kwa mikono yake. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Akauliza kama bwana shamba yuko tayari kutajwa. Yuko tayari. Akauliza kama Sadallah ameulizwa. Ameulizwa, akakata simu. Hapo maswali ya mhariri yakaisha, na mwenyewe alijua yameisha.

"Mwanangu, mnara ule unasimama kwa nguvu ya nani?"

"Ya wasikilizaji."

"Wasikilizaji wananunua mafuta ya jenereta?"

Bila matangazo ya Sadallah redio ingezimika, hata mfagizi alilijua hilo. Abdulazizi akasema wachunguze kwanza, labda watatangaza baada ya mavuno. Kwenye taarifa ya saa saba ikasomwa bei ya korosho na ziara ya kiongozi, na katikati likapita tangazo la dawa ileile. Sauti ilikuwa ya Mwajabu. Sadallah ndiye aliyemtaka alisome yeye, na mwezi uliopita, alipokuwa analirekodi, Mwajabu aliamini kila neno.

Mwajabu akakodi bodaboda mpaka njia ilipoishia, akavua viatu, akaingia matopeni. Alimkuta shangazi yake chini ya dungu anaosha bomba la kupulizia dawa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na njaa au umekuja na habari?"

Mwajabu alikuwa analitazama bomba. Akauliza kama amekwisha piga. Shangazi akasema alimaliza kabla jua halijawa kali, upande wote mpaka mtoni.

"Si ulisema mwenyewe redioni tusichelewe? Nikamwambia na jirani yangu Rukaya kuwa huyu ni mtoto wetu, hawezi kutudanganya."

Mwajabu akamweleza yote, ameinama. Shangazi hakulia. Aliizima redio, akakaa kwenye ngazi ya dungu, akautazama mpunga wake, ambao bado ulikuwa kijani.

"Basi muwahi Rukaya," akasema.

Rukaya alikuwa shamba la pili, bomba limejaa mgongoni, khanga ameifunga puani. Alimsikiliza kwa heshima. Halafu akakumbusha kuwa mwaka jana walipita watu dungu kwa dungu wakiiponda mbolea ya duka fulani, kumbe wametumwa na duka jingine.

"Sikukatalii, Mwajabu. Lakini jambo la kweli si mngelisema redioni? Mbona hujalisema?"

Mwajabu akatoa simu, akampigia Abdulazizi, akafungulia sauti ili Rukaya asikie. Akamwomba amwambie mama huyu jambo moja tu, dawa ya Sadallah ni nzuri au mbaya. Wakasikia feni ya ofisini, na mtu akikohoa.

"Hilo bado tunalichunguza," Abdulazizi akasema. "Kwani uko wapi? Kipindi chako ni saa kumi."

Rukaya akaweka sawa mikanda ya bomba mabegani. Akasema magugu hayamngoji mtu achunguze, akaingia mpungani akirudi nyumanyuma, asije akakanyaga alipokwisha piga. Mwajabu akaenda dungu la tatu, na la mbele yake. Kote mabomba yalikuwa yanalia, kwi, kwi, na harufu ya dawa ilikuwa imejaa bondeni.