Machipukizi Yaliyomenywa

Fukusi wa migomba ana mabawa, lakini ni nadra sana ayatumie. Anatembea. Anatoka shina moja hadi la jirani, polepole, na akishapata chakula anaweza kukaa hapohapo maisha yake yote. Kwa hiyo ukimkuta wilaya nyingine, usiulize alifikaje. Alibebwa, na aliyembeba alidhani amebeba zawadi.

Hilo ndilo nililokuwa nalifikiria asubuhi Priscila alipokuja na mume wake kuchukua machipukizi.

Priscila ni mtoto wangu wa mwisho. Kaka yake, Clever, yuko migodini Geita na hupiga simu akikumbuka, maana yake si mara nyingi. Baba yao, Alfonce, alifariki wakiwa bado shuleni. Priscila alipoolewa Biharamulo nilibaki hapa Nyakisasa na shamba la migomba, redio, na wifi yangu Eustakia, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa migomba hiyohiyo. Mimi ni afisa ugani wa kata. Mchana naongea na wakulima mpaka koo linakauka. Jioni nikifika nyumbani siongei na mtu, na sufuria kubwa lilikuwa halijashuka ukutani tangu harusi.

Kwetu binti akiolewa na kupata shamba lake, anarudi kwa mama kuchukua machipukizi. Mama ndiye anayeyachimba. Hayaoshwi wala hayakatwi mizizi. Yanafungwa na udongo wake kwa magome makavu ya mgomba, yanapandwa nyuma ya jiko la binti. Ule udongo ndio ujumbe wenyewe: ardhi yako bado iko huku, siku ukitaka kurudi, rudi. Chipukizi lililomenywa likabaki jeupe hupewa mtu ambaye hamtaki arudi. Eustakia husimulia habari za mwanamke mmoja wa ukoo wao aliyegombana na baba yake, akapewa machipukizi ya namna hiyo, na Nyakisasa hakuonekana tena.

Sasa shamba langu lilikuwa na fukusi. Tangu mvua zilizopita migomba ilikuwa inaanguka na mikungu yake bila upepo wowote. Nikapasua shina lililokwisha kuvunwa, nikalaza vipande chini, upande wa ndani ukigusa udongo. Asubuhi nilipoviinua nikawakuta wamejaa, weusi, wagumu, wenye mdomo mrefu uliopinda. Ukimgusa anajifanya amekufa. Kila asubuhi niliwaokota nikawatia kwenye kopo la maji ya sabuni, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kusalimia, niliwasalimia wao.

Fukusi wakubwa wanaokotwa. Shida ni watoto wao. Jike hutaga yai mojamoja kwenye tunguu, pale shina linapokutana na udongo, na funza akianguliwa anachimba kuingia ndani huku anakula. Chipukizi linaweza kuwa na majani ya kupendeza na ndani lina funza. Kinga yake ni kisu na maji ya moto. Unatoa mizizi yote, unamenya tunguu mpaka liwe jeupe, unalichovya kidogo tu kwenye maji yanayochemka, unalipanda kwenye ardhi safi. Wakulima wa kata nzima nimewafundisha hivyo, na wengi wanafanya kwenye mashamba yao. Machipukizi ya kumpa binti hakuna aliyewahi kuniuliza yanafanywaje.

Emilian, mume wa Priscila, alikuja na pikapu ya kuazima. Ni kijana wa Nyakahura, hukohuko Biharamulo, Mzinza, mtu wa kucheka kwa sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shamba mmeandaa?"

"Tayari, mama. Mashimo yapo, samadi imeoza. Priscila ananisimamia kama nyapara. Kumbe nilioa afisa ugani mdogo."

"Nyamaza wewe," Priscila akasema. "Ningekuacha ungechimba vishimo vya kuku kuogea."

Wifi Eustakia alikuwa amefika na mzigo wa magome makavu kichwani. Kwa ajili ya mkwe alizungumza Kiswahili, na Kiswahili chake huweka r mahali pa l. "Mkwe, karibu. Reo utabeba mpaka pikapu ikae chini."

Tulicheka wote. Ilikuwa muda mrefu ua wangu haujasikia watu wakicheka pamoja.

Priscila akachungulia jikoni. "Mama, sufuria kubwa! Unatupikia nini?"

"Maji," nikasema. "Njooni huku."

Nilikuwa nimeshachimba machipukizi mazuri kuliko yote, yale ya majani membamba kama upanga, kutoka kwenye mashina yasiyo na dalili ya mnyauko. Nikaketi kwenye kigoda, nikachukua la kwanza, nikakata mizizi, nikaanza kumenya. Maganda yenye udongo yakaanguka miguuni pangu. Nikaendelea mpaka tunguu likawa jeupe pande zote.

"Mama Clever," Eustakia akasema. "Unafanya nini?"

"Naondoa mayai ya fukusi."

"Chipukizi hiri riko uchi! Mbere ya mkwe!"

Priscila alikuwa amesimama na kanga mikononi, ile aliyoileta kufungia udongo. "Mama, hilo ni la kwangu?"

"Yote ni ya kwako."

"Utayamenya yote?"

"Yote."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Shamba lina fukusi. Shamba lenu halijawahi kupandwa mgomba, ni safi. Nikikupa na udongo nakupa ugonjwa."

"Si ungesema kwenye simu, mama? Ningejua njiani. Unanimenyea hapa, mbele ya Emilian, kama ninafukuzwa?"

"Ningesema kwenye simu ungekuja?"

Kwa kweli nilikuwa nimelifikiria hilo. Nilitaka aje.

Emilian akajikohoza. "Mama, sisi kwetu mambo ya kumenya au kutomenya hatuna. Mgomba ni mgomba."

"Wewe usiingie," Priscila akamwambia.

Eustakia hakubishana. Alivuka kwenda upande wake, akachimba, akarudi na chipukizi nene lenye donge zima la udongo. Akampa Priscila mkononi. "Shangazi yako yupo," akasema. "Utarudi kwangu."

Nikanyoosha mkono. "Nipe nilione."

"Hapana, mama."

"Nipe, Priscila."

Akanipa. Nikalilaza kwenye gogo na kulipasua katikati kwa panga. Ndani palikuwa na njia za kahawia zinazopindapinda, na mwisho wa njia moja funza mweupe, mnene, kichwa chekundu, akijikunja kwa sababu ya mwanga. Nikalisogeza karibu na uso wa Emilian, kisha wa Priscila.

"Huyu ndiye ungempanda nyuma ya jiko lako. Ungengoja mkungu ukomae, na mgomba ungeanguka kabla yake."

Emilian aliinama akamtazama vizuri. "Du! Huyu anakula ndani kwa ndani kama mtu wa kamati. Priscila, tuchukue yaliyomenywa."

Priscila alikuwa hamtazami funza. Alikuwa anatazama donge la udongo lililosambaratika juu ya gogo. Wifi alilia wazi, bila kujificha.

"Nimeelewa kuhusu mdudu, mama," Priscila akasema. "Nimemuona. Lakini sichukui chochote. Emilian, twende."

"Priscila, maji yameshachemka."

"Yapikie kitu kingine."

Waliondoka na pikapu tupu. Emilian alinipungia mkono dirishani kwa aibu, kama mtu aliyekatazwa. Nilibaki na sufuria likitokota. Nikapika ndizi humo, nyingi mno, nikala kidogo, zilizobaki nikampa nguruwe wa jirani.

Baada ya siku hiyo Eustakia aliacha kuongea nami. Si kwamba alinyamaza. Akiwa na neno, aliwaambia kuku. "Nyie kuku, mwambieni mwenye kisu kwamba mbuzi wake wako kwenye maharage." Nami niliwajibu kuku walewale kwamba nimesikia. Niling'oa nusu ya shamba langu, nikakatakata mashina vipandevipande yakauke juani fukusi wakose pa kuzalia. Upande wake haukuguswa. Ninajua kwamba kung'oa nusu huku nusu nyingine ikiachwa ni kazi ya bure, na ningemweleza mkulima mwingine yeyote. Lakini Eustakia ningemweleza vipi, kupitia kuku?

Simu na Priscila zilikuwa hivi: "Mko salama?" "Tuko salama." "Mvua?" "Imeanza." "Haya." Halafu mmoja wetu alisema salio linakwisha.

Mvua ilipokolea nikaona siwezi. Nilichimba tena, nikamenya, nikachovya, nikayatia kwenye kiroba. Kama udongo hauwezi kwenda kumwambia kwamba nyumbani kupo, nitakwenda mimi mwenyewe. Sikumpigia simu. Niliogopa atasema nisije.

Jumamosi nikapanda gari la Rulenge, na kutoka hapo jingine hadi Nyakahura, kiroba kikiwa miguuni. Barabara ilikuwa tope jekundu. Kondakta aliuliza kuna nini kwenye kiroba, nikamwambia migomba, akasema, "Migomba gani haina majani, mama? Si mihogo hiyo?"

Priscila alikuwa nyuma ya jiko, akipalilia. Aliponiona alisimama, akaweka jembe chini, akaja kunipokea kiroba kama binti anavyopaswa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha nikaona nyuma yake. Mashimo yote yalikuwa yamejaa. Migomba michanga, mistari minyoofu, kila mmoja umetoa jani jipya linalojikunjua. Nyasi za kutandaza zilikuwa zimesogezwa mbali na mashina, kama ninavyowaambia watu kila siku, ili fukusi asipate pa kujificha.

"Umetoa wapi?" nikauliza.

"Kwa mama mkwe. Alituletea mwenyewe, na udongo wake."

"Na udongo?"

"Niliyamenya." Alisema hivyo akitazama migomba, si mimi. "Yote. Mama mkwe alisema ninaharibu, akauliza nani amenifundisha kukwangua mgomba kama kiazi. Nikamwambia ndivyo tunavyofanya kwetu."

Ndivyo tunavyofanya kwetu. Kwetu hakuna aliyewahi kummenyea binti anayempenda isipokuwa mimi, mara moja, naye akaondoka.

"Ulichovya kwenye maji ya moto?"

"Nilichovya."

"Kwa muda gani?"

"Mama." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Kwa muda ule unaousema kwenye mikutano yako."

Akafungua kiroba. Akatoa moja ya yale machipukizi meupe, akaligeuzageuza mkononi. Lilikuwa limemenywa vizuri kuliko ya kwake, hilo aliliona.

"Nilingoja," akasema. "Mashimo yalikaa wazi. Mvua ikaanza, yakajaa maji. Sikujua kama utakuja."

"Sikukuambia."

"Hukuniambia."

Nilitazama kote. Huku mihogo, huku maharage yametoa maua, kule njia ya jirani. Hapakuwa na nafasi, labda ang'oe kitu. Nilimwona naye akitazama, akitafuta, na nikaona macho yake yakirudi bila kupata mahali. Kama ningesema neno moja angeng'oa maharage. Yalikuwa maharage mazuri.

"Migomba yako iko sawa," nikasema. "Usiibananishe. Sehemu hii imetosha."

"Nitayapanda hata pembeni, mama. Kando ya njia."

"Kando ya njia mbuzi watayala. Acha."

Alinipikia chai na viazi vitamu. Emilian alikuwa mnadani. Tuliongea habari za Clever, habari za mvua, habari za shangazi yake na kuku. Hapo alicheka kweli, mpaka akafuta macho. Kisha akaniuliza, "Utalala?" Chumba cha pili kilikuwa na magunia na kitanda cha mama mkwe, aliyekuja kusaidia kupalilia na sasa alikuwa sokoni. Nikasema silali, kesho nina kazi. Kesho ilikuwa Jumapili, na yeye alijua. Hakunisukuma.

Alinisindikiza hadi barabarani, akabeba kiroba mwenyewe. Gari lilichelewa, nikamwambia arudi, mvua inakuja. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kisha akaenda.

Kituoni alikuwepo mwanamke wa makamo anayeuza karanga za kuchemsha. Alikitazama kiroba. "Mama, unauza miche hiyo?"

"Siuzi."

"Ni ya nini basi?"

"Ni migomba ya kupika. Una shamba?"

"Ninalo. Kadogo."

"Lina migomba?"

"Halina. Mihogo tu."

Nikamsogezea kiroba. Akatoa moja, akashangaa. "Mbona imevuliwa nguo hivi? Haitakufa?"

"Haifi. Panda leo, usingoje kesho. Nyasi usizisogeze kwenye shina. Ukivuna, shina kuukuu likatekate, usiliache limesimama."

"Nikuletee nini, mama yangu? Chukua karanga basi."

Nilichukua karanga. Aliniuliza ninatoka wapi, nikamwambia Ngara, Nyakisasa. Akasema yeye hajawahi kufika huko, na akauliza kama nina watu hapa Nyakahura.

"Nina binti," nikasema. "Ana migomba tayari."

Gari likaja, nikamwachia kiroba chote. Nikapata kiti cha nyuma, kando ya mtu aliyelala, na nikamenya karanga moja moja mpaka Rulenge.